Zima Gari, Panda Mashua: Safari Kumi za Majini, Kutoka ya Kumi Hadi ya Kwanza

Gari la kitalii lina kasoro moja kubwa: linamfuata mnyama. Simba amelala zake chini ya mgunga, hana ugomvi na mtu, mara magari saba yamemzunguka na kila moja linanguruma kumshinda yeye. Mashua haina makuu hayo. Nahodha anazima mashine, mkondo unawabeba, na wenye nyumba wanakuja wenyewe, kwa sababu hajazaliwa tembo wala nyati aliyeishinda kiu. Mwenye koo lolote atafika mtoni. Kinachobishaniwa ni saa.

Nimepanga safari kumi za Afrika Mashariki kwa kuangalia mambo matatu: mnyama unayemwona, maji yanayokubeba, na mtu aliyeshika usukani. La tatu ndilo lenye uzito kuliko yote, na nitalisemea mpaka mwisho. Waganda watalalamika kwamba nimewapunja. Wakenya wataniuliza Maasai Mara iko wapi. Mara ina magari, jamani, na foleni yake inajulikana. Leo tuko majini.

10. Ziwa Ihema, Rwanda

Watu wakisikia Rwanda wanawaza gorila wa milimani, na wana haki. Lakini upande wa mashariki kuna Hifadhi ya Akagera, na ndani yake ziwa Ihema, lenye viboko, mamba wa kutisha, na furukombe wanaoitana juu ya miti mchana kutwa. Akagera iliwahi kuisha simba kabisa. Tangu 2010 inaendeshwa na serikali ya Rwanda pamoja na shirika la African Parks. Simba wakarudishwa 2015, faru weusi 2017, wote wakaja kwa ndege kutoka Afrika Kusini. Mamba wa Ihema hakupanda ndege wala hakuhama. Wenzake waliondoka, yeye akabaki kulinda kiwanja.

Iko nafasi ya kumi kwa sababu safari yake ya mashua ni fupi, unakata kiu nusu.

9. Shimoni na Kisite, Kenya

Jahazi linang'oa nanga Shimoni, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, linapita ubavuni mwa kisiwa cha Wasini na kuelekea Hifadhi ya Bahari ya Kisite. Pomboo wa hapa ni wakazi, si wapangaji; unaweza kuwaona mwezi wowote bahari ikikubali. Kati ya Julai na Septemba wanaongezeka wageni wa mbali, nyangumi wenye nundu, waliopanda kutoka maji ya baridi ya Antaktika kuja kuzaa na kulea kwenye vuguvugu letu. Mama mjamzito anayevuka bahari nzima ili ajifungulie Pwani, huyo ni wetu. Apokewe kwa vifijo.

Angalizo moja tu. Nahodha mwema hampiti pomboo mbele wala hamkimbizi. Anatembea sambamba naye, na pomboo akitaka mchezo atakuja mwenyewe kucheza mbele ya chombo. Ukimwona nahodha anakata kona ili upate picha, mwambie kwa upole, "Kaka, taratibu, hatuchelewi popote." Halafu mrudi Wasini mle kaa.

8. Ziwa Baringo, Kenya: twiga abiria

Safari nyingine zote humu, mtu yuko ndani ya chombo na mnyama yuko nje. Baringo waligeuza.

Mwaka 2011 twiga walipelekwa Longicharo, ambayo wakati huo ilikuwa rasi iliyoshikana na nchi kavu. Kisha ziwa likaanza kupanda, likapanda tena, na rasi ikawa kisiwa kinachopungua kila msimu huku twiga wakiwa juu yake. Tarehe 2 Desemba 2020 jike mmoja anayeitwa Asiwa alifunikwa macho, akaingizwa kwenye tishali la chuma lenye kuta ndefu, likakokotwa na boti hadi ng'ambo. Ikaendelea hivyo mpaka Aprili 2021, twiga wa mwisho akatia kwato nchi kavu. Nawaza tu konda wa daladala angekuwa pale. "Ingiza kichwa ndani, mama!" Kichwa kipi, na kiingie wapi?

Lililo kubwa zaidi ni waliokuwa wakivuta kamba. Hifadhi ya jamii ya Ruko, iliyowapokea twiga hao, ni ya Wailchamus na Wapokot, jirani waliowahi kuibiana mifugo na kuuana. Twiga ndio waliowapa kazi ya pamoja. Nimesoma maazimio mengi ya amani yenye kurasa nyingi, na sijaona lenye shingo ndefu kuliko hilo.

Ukipanda boti Baringo leo, mwongozaji anaweza kupiga mluzi na kumrushia furukombe samaki ili ashuke upate picha. Mwombe asifanye. Furukombe anajua kuvua, na kumtazama akivua mwenyewe kuna raha zaidi, hata kama utamsubiri saa nzima.

7. Kazinga na Murchison, Uganda (sare, na msinigombanishe)

Mlango wa Kazinga unaunganisha ziwa George na ziwa Edward kwa takriban kilomita 32, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Unapanda boti pale Mweya, na dakika chache baadaye unaona nyati wazee waliofukuzwa kundini wamelala topeni bega kwa bega na viboko, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake. Ndege ndio usiseme. Hifadhi hiyo ina aina zaidi ya 600. Mwenye darubini hapa hataishusha, na shingo itamuuma kwa furaha.

Murchison ni habari nyingine. Mto Nile, mto mzima, unabanwa kwenye ufa wa mwambani wenye upana wa mita kama saba, kisha unatupwa chini mita 43 hivi. Mashua inapanda kutoka Paraa ikipita mbele ya mamba wanaosubiri samaki waliozubaishwa na maporomoko. Januari 1954 mwandishi Ernest Hemingway alitaka kuyatazama hayo maporomoko kutoka angani, ndege yake ikaanguka jirani. Aliyekuja kumtoa porini alikuwa nani? Mashua. Ikamfikisha Butiaba, akapanda ndege nyingine, nayo ikashika moto ikijaribu kuruka. Akapona tena. Wazee wetu walitahadharisha kuhusu asiyesikia la mkuu. Na mimi nasema la mkuu lilikuwa mashua.

6. Saadani na mto Wami, Tanzania

Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ndiyo pekee Tanzania Bara inayogusa Bahari ya Hindi. Asubuhi unapanda boti mto Wami kati ya viboko na mamba, mbega wakiruka juu ya mikoko na majoho yao meupe. Alasiri unatembea ufuko wa Madete, ambako kasa wa kijani hupanda usiku kutaga. Mto na bahari kwa siku moja, na Dar es Salaam haiko mbali. Wakazi wa Dar mnaosema hamna pa kuwapeleka watoto Pasaka, nawatazama ninyi.

Pita pia kijijini Saadani. Hapa ndipo Bwana Heri bin Juma alipowakatalia Wajerumani kuanzia 1888. Mwongozaji akikupitisha bila kulitaja jina hilo, mkumbushe.

5. Kinamasi cha Mabamba, Uganda

Sasa tumefika kwa mwenye uso wake.

Korongo-nyangumi ana urefu unaomfikia mtoto wa darasa la pili, rangi ya kijivu, na mdomo mpana mnene unaofanana na kiatu cha mbao. Anasimama ndani ya mafunjo bila kutikisika. Dakika kumi. Nusu saa. Unaanza kujiuliza kama ni ndege au ni sanamu iliyowekwa na wizara ya utalii. Ghafla anaanguka mbele kwa uzito wake wote, mabawa yametanda, na anapoinuka mdomo umejaa majani, matope na kamongo anayepinda. Anatema majani, anabakiza kamongo. Tena anasimama, kama hakuna aliyekula.

Kinamasi hiki kiko ukingoni mwa ziwa Victoria, si mbali na Entebbe, na unaingia kwa mtumbwi mwembamba unaosukumwa kwa upondo kwenye vijia vya maji. Hakuna mashine, hakuna kelele, hakuna kusimama wima. Atakayesimama apige picha atawalowesha wote.

Wavuvi wa huku zamani walimchukia ndege huyu. Waliamini kwamba ukimwona asubuhi, siku hiyo hupati samaki, na mara nyingi waliamua kummaliza ili nuksi iishe. Fikiria kutoka nyumbani kutafuta riziki, halafu unakuta mbele yako ndege anayevua kamongo walewale, na anavua vizuri kuliko wewe. Hasira hiyo naielewa. Leo watoto wa wavuvi haohao ndio wanaosukuma mitumbwi, na asubuhi yao inakuwa njema pale wanapomwona. Nuksi imegeuka mshahara. Mabamba iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani mwaka 2006, lakini mimi namwamini zaidi kijana mwenye upondo kuliko orodha, maana chakula chake cha jioni kinamtegemea ndege huyo.

Korongo-nyangumi hutaga kwa kawaida mayai mawili, na mara nyingi anakua kifaranga mmoja tu. Ndege wa namna hiyo hawezi kuhimili ujinga wetu kwa muda mrefu. Watanzania nao wasijione yatima: yuko pia katika ardhioevu ya Malagarasi na Moyowosi, magharibi, ambako kumfikia kunataka moyo na siku nyingi zaidi.

4. Kisiwa cha Rubondo, ziwa Victoria, Tanzania

Kati ya 1966 na 1969 walishushwa Rubondo sokwe 17. Hawakutoka msitu wa jirani. Walitoka katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya, baadhi yao wakiwa wamezoea vizimba na watu wa kuwatazama, na waliowapeleka ni watu wa Shirika la Wanyama la Frankfurt chini ya Bernhard Grzimek, yuleyule aliyeipigania Serengeti na ambaye majivu yake yamezikwa ukingoni mwa Ngorongoro, kando ya mwanawe Michael. Milango ya makasha ikafunguliwa. Mbele yao msitu, nyuma yao ziwa. Hakuna mwalimu, hakuna kitabu, hakuna aliyewaambia tunda lipi linaliwa na lipi linaharisha.

Wakaweza. Wakajifunza kutafuta chakula, wakajenga viota juu ya miti, wakazaa, na wajukuu wao wapo msituni mpaka leo, wala hawataki kusikia habari za sarakasi. Ukipata bahati ya kuwasikia wakipiga kelele kule ndani, vua kofia. Wapo watu waliorudi kijijini baada ya miaka mitano ya mjini wakashindwa hata kuwasha jiko la kuni.

Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Unafika kwa boti kutoka Muganza upande wa Chato au Nkome upande wa Geita, na ukishafika, kazi ni kuzunguka kisiwa polepole karibu na ufuko. Mwenyeji halisi hapa ni nzohe, swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame matopeni. Akishtuka hakimbii. Anaingia majini akabakiza pua tu. Mara ngapi umeitwa kwenye kikao ukatamani uwezo huo?

Tembo na twiga nao waliletwa, fisi maji walikuwepo tangu zamani, na furukombe wamejaa kiasi kwamba huna haja ya kuwatafuta. Sangara wa hapa hukua hadi kumshinda uzito mvuvi wake. Kisiwa na maji yanayokizunguka ni mazalio yanayolindwa, na samaki wanaokulia hapo hawabaki hapo. Kwa hiyo Msukuma anayekula sangara Mwanza mjini huenda anakula matunda ya ulinzi wa Rubondo, na angefanya jambo la adabu akienda kusema asante.

3. Papa potwe wa Mafia

Samaki mkubwa kuliko wote duniani anakula uduvi.

Nimeiacha sentensi hiyo peke yake kwa sababu inastahili. Papa potwe mzima anaweza kupita mita 12, ana kinywa cha kumeza meza ya kulia, na anakitumia kuchuja vijidudu na uduvi ambao bibi yako anaumwagia maji ya moto kabla ya kuuunga. Kumbe ukubwa na uroho si ndugu.

Mafia wanaonekana hasa kati ya Oktoba na Machi, karibu kabisa na Kilindoni, na wengi wao ni madume machanga. Watafiti waliowafunga vifaa vya sauti wamegundua kwamba wengi hawaendi mbali msimu ukiisha. Wanasogea kidogo tu kwenye maji ya kina ambako jicho la mtu haliwafikii. Tulidhani wamesafiri, kumbe wamehamia chumba cha nyuma. Kila mmoja ana madoa yake mgongoni, hakuna wawili wanaolingana, na kwa picha ya madoa hayo hutambuliwa mwaka hadi mwaka.

Wa kwanza kuwajua hawakuwa watafiti. Wavuvi wa dagaa walishajua kwamba potwe hufuata chakula kilekile wanachokifuata wao, na kwamba akiingia wavuni inabidi umtoe kwa utaratibu, kwa hasara ya wavu na ya usiku mzima. Mtu anayepoteza wavu ili kumnusuru samaki asiyemuuza, huyo ndiye mhifadhi. Asubuhi baharia huyohuyo au nduguye anakuwa nahodha wako. Anasimama mbele ya ngalawa au boti, anatazama maji, anaona kivuli ambacho wewe ungeapa ni wingu.

Ukiruka majini, kaa mita tatu au nne kutoka kwake, usimshike, usimwekee mwanga wa kamera machoni, na usijaribu kumpanda. Ndiyo, wapo wanaojaribu. Tangu 2016 yumo katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka. Hana haja ya mpanda farasi.

Ukija kati ya Juni na Septemba, kisiwani Juani kuna vifaranga wa kasa wanaoanguliwa na kuteremka baharini. Na Chole ina popo wakubwa wala matunda wanaoning'inia mchana juu ya miti. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya mwaka 1995, ni ya kwanza ya aina yake Tanzania, na ninyi mnaopita juu yake kwa ndege kwenda kwingine mnajinyima.

2. Mahale, ziwa Tanganyika

Hifadhi hii ya kilomita za mraba 1,613 haina barabara ndani yake. Nawaomba mlisome hilo kwa sauti. Unafika kwa boti kutoka Kigoma, saa nyingi za maji ya buluu yasiyoisha chini yako, kwa kuwa ziwa hili ni la pili kwa kina duniani, karibu mita 1,470. Mbele inainuka milima ya Mahale, kilele cha Nkungwe kikiwa mita 2,462, msitu ukiteremka mpaka mchangani. Kambi iko ufukweni. Asubuhi wafuatiliaji wametangulia kupanda mlima kutafuta sokwe walikolala. Wewe unakunywa chai na kusubiri habari, viatu vimeshafungwa.

Jane Goodall alianza Gombe mwaka 1960, na dunia inamjua, na inapaswa kumjua. Mahale ilianza 1965 na mtafiti Toshisada Nishida kutoka Japani, na dunia inaijua kidogo. Lakini hapa Mahale kuna habari ambayo ningependa ifundishwe kila shule ya msingi. Mwaka 1987 sokwe jike anayeitwa Chausiku alikuwa mgonjwa: amelala, hana hamu ya chakula. Akaonekana akichuma mti mchungu ambao sokwe kwa kawaida hawaugusi, akamenya ganda la kijiti, akafyonza maji ya ndani. Mtafiti Michael Huffman aliona ajabu. Mzee Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyekuwa naye msituni, hakuona ajabu hata kidogo: huo ni mti wa dawa, kwao wanautumia kwa tumbo. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amerudi katika hali yake. Wawili hao wakaandika makala pamoja, na uchunguzi huo ukafungua somo zima la wanyama wanaojitibu.

Chausiku hakulipia usajili, hakupanga foleni, na kipimo cha dawa alikikadiria mwenyewe. Lakini nampa shikamoo zaidi Mzee Kalunde. Bila yeye, mtafiti angeandika kwamba sokwe mmoja alikula kijiti.

Masharti ya Mahale ni makali na nayapenda yote. Unavaa barakoa, unakaa mita kumi, unapewa saa moja tu na sokwe, na ukiwa na mafua hupandi mlima hata kama umelipa kwa dola. Mafua yetu yanawaua. Mwaka 2006 ugonjwa wa kifua ulipita hapa na kuacha msiba. Mwongozaji akikurudisha kambini kwa chafya moja, usinune. Anawatetea ndugu zake, na wako pia. Tazama wanavyosafishana manyoya wakiwa wameshikana mikono juu, kiganja kwa kiganja, namna ambayo ilielezwa kwa mara ya kwanza hapahapa, halafu niambie hao si watu wa kupeana salamu.

1. Mto Rufiji, Hifadhi ya Taifa ya Nyerere

Mlijua tutafika hapa. Mwenye kubisha apande boti kwanza, tutabishana baadaye.

Rufiji ndio mto mkubwa kuliko yote Tanzania, na hautulii. Kila mafuriko unahama kidogo, unaacha mkono hapa, unafungua mwingine kule, na mikono iliyoachwa inakuwa maziwa: Nzerakera, Manze, Tagalala, Siwandu. Mivumo iliyokufa imesimama majini bila vichwa, na juu ya kila gogo kuna ndege anayedai ni lake. Kingo za udongo zimetobolewa matundu mamia na keremkerem wanaolea watoto ndani. Kiangazi, fungu la mchanga likijitokeza, utaona ndege mwenye mdomo wa chini mrefu kuliko wa juu akipasua uso wa maji huku anaruka, mstari mmoja mnyoofu, mpaka samaki ajigonge mwenyewe.

Kiboko wa Rufiji ni mkubwa wa eneo. Mpe shikamoo ukiwa mbali, na usikae kungoja marahaba. Hajui kuogelea hasa. Anatembea chini, sakafuni mwa mto, dakika tano hivi kwa pumzi moja, kwa hiyo mahali ulipomwona siyo mahali alipo. Ndiyo sababu nahodha anagonga ubavu wa boti, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi, na vichwa vinaibuka kimoja kimoja kuonyesha nani yuko wapi. Sheria ya kwanza ya mto: usikae kati ya kiboko na kina chake. Anakushambulia kwa hofu, na hofu yake ina uzito wa tani moja na nusu. Mamba pale ukingoni ameachama kwa sababu anapoza mwili, si kwa ajili yako. Msimuangalie hivyo. Jike lake huwabeba vifaranga mdomoni, katikati ya meno hayohayo, hadi majini, na hakuna anayechubuka.

Nahodha anasoma haya yote. Wengi wa manahodha hawa wametoka Mloka na vijiji vya kandokando, kwa Warufiji na Wandengereko, ambako mto ndio uliowalea. Mchanga umehama tangu wiki iliyopita. Yeye anatazama viwimbi vidogo upande huu, ukimya wa maji upande ule, na anapita pasipo kugusa chini. Akisema "tusubiri hapa", subiri. Robo saa baadaye tembo jike mzee anatokea kwenye mivumo, anasimama, ananusa, kisha familia nzima inaingia mtoni, watoto wamewekwa upande ambao mkondo hauwafikii.

Hao tembo wana haki ya kutuogopa. Katika eneo lote la Selous walikuwa zaidi ya laki moja miaka ya 1970. Hesabu ya 2013 iliwakuta wapatao 13,000. Mwaka 2014 Selous ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ya kaskazini ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kila mtoto wa tembo anayevuka leo ni mtoto wa mama aliyepona. Sina utani na hilo.

Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, liko juu ya mto huu, na umeme wake tunautumia sote, hata ninapoandika. Ndiyo maana nasema waziwazi: maziwa ya Rufiji yanaishi kwa mafuriko. Yasipopata maji yao kwa msimu wake, yatakauka. Wanaofungua na kufunga milango ya bwawa wawe na kalenda ya kiboko ukutani karibu na kalenda ya wateja.

Jioni mnarudi kambini. Hema lina kitanda cha heshima, shawa ni ndoo iliyoning'inizwa na maji yake yamechemshwa kwa kuni, na uzio hakuna. Kiboko anatoka majini usiku kula nyasi, kilo zinazokaribia 40, na njia yake ya kila siku inapita pale walipojenga jiko. Hivyo giza likiingia hutembei peke yako. Unamulika tochi, askari anakuja, mnaongozana mpaka mlangoni. Mpishi anayeoka mkate juu ya makaa kando ya tembo anayekula matawi, huyo ana ujasiri kuliko wengi wenye nishani.

Nendeni kati ya Juni na Oktoba, mto ukipungua na wanyama wakisogea kingoni. Aprili na Mei kambi nyingi zinafungwa kwa mvua. Kutoka Dar ni Kibiti hadi Mloka kwa gari, au reli ya TAZARA, ambayo inakatiza kaskazini mwa hifadhi. Kiingilio cha Mtanzania ni sehemu ndogo sana ya kile anacholipa mgeni, na hema za nje ya lango la Mtemere ni nafuu kuliko za ndani. Chukua boti ya saa kumi jioni. Mvalishe mtoto jaketi okozi, lifunge vizuri, vaa lako, na kabla mashine haijawashwa muulize nahodha: "Kaka, leo tembo wanavukia wapi?"